MCHE WA BURE HAUNA MWENYEWE

Katika toleo la muhula uliopita la jarida letu, mwenzetu mmoja aliandika makala mazuri akisema kwamba sisi watu wa Kusini tutaondokana na umaskini siku tutakapoletewa miche mingi zaidi ya mikorosho, tena bila malipo. Makala hayo niliyasoma mara mbili, na bwenini kwetu wengi waliyasifu. Mimi nami ni mtoto wa mkulima wa korosho. Shuka ninayojifunika, daftari ninaloandikia na sanduku langu la bati, vyote vimetoka katika korosho. Kwa hiyo mwandishi asinidhanie kuwa adui wa zao hili nikisema kwamba sikubaliani naye hata kidogo. Miche tumekwisha kuletewa, wala si mara moja. Jambo tusilolizungumza ni kwamba miche ile haina wenyewe.

Nieleze jinsi mambo yanavyokwenda huko kwetu, juu ya uwanda wa Newala. Mvua zinapokolea, mwezi wa Januari, lori huja limejaa miche. Watu huitwa, majina husomwa, na kila mwenye nyumba huondoka na miche yake kumi au ishirini juu ya baiskeli. Siku hiyo kijiji kizima huwa katika furaha. Mashimo huchimbwa upesi upesi, mengine hayafiki hata goti, na miche hutiwa ardhini, mingine ikiwa bado imevaa plastiki yake. Mvua huendelea hadi Aprili, na kila mtu huona mambo ni mema. Kisha yaja Mei. Mvua hukatika, kusi huanza kuvuma, mchanga hukauka, na kuanzia hapo hakuna tena mtu anayeutaja mche. Mwaka juzi, katika likizo fupi ya Septemba, nilipita katika mashamba ya jirani zetu watano waliokuwa wamegawiwa miche mwanzoni mwa mwaka. Niliona vijiti vingi vimesimama, na iliyokuwa na majani mabichi ni michache mno.

Ukiuliza ni nani aliyeiua miche ile, utaambiwa kuwa ni mbuzi, au mchwa, au jua. Sikatai. Mbuzi anapenda chipukizi la mkorosho, na mchwa katika udongo wetu wa kichanga ni wengi. Lakini mbuzi yule ana mchungaji, na mchwa hawaumalizi mche kwa usiku mmoja. Ukweli ni kwamba baba alikuwa amekwenda kutafuta kibarua, mama alikuwa na mihogo yake, na watoto walikuwa shuleni. Kila mmoja alidhani kwamba mche ule ni wa mwingine. Kitu kilichopatikana bure, kikaletwa na mgeni, kikapandwa kwa haraka, nani atakikumbuka mwezi wa Agosti?

Tena asiyetoka kwetu hana budi aelewe habari ya maji. Uwanda wa Makonde hauna mito juu yake. Mvua ikinyesha huzama mchangani, na maji huja kutokea mbali, chini bondeni. Bibi yangu husimulia jinsi walivyokuwa wakiondoka kabla ya jogoo la pili, wakishuka na vyombo vyao hadi bondeni, na kurudi jua limekwisha kupanda. Siku hizi yapo mabomba, twashukuru, lakini wakati wa kiangazi ndoo ya maji bado ni kitu cha kuhesabiwa nyumbani. Sasa nipigieni hesabu ndogo. Mche mmoja ukipewa lita tano kila juma, na hayo si mengi, miche ishirini yataka lita mia moja, yaani ndoo tano kubwa. Nani atakayezibeba? Mama, ambaye tayari anabeba za kupikia na kufulia? Swali hilo halijapata kuulizwa mbele ya lori hata siku moja. Wanaulizwa tu, "Una eka ngapi?"

Rai yangu ni hii: mche uanzie nyumbani, tena mikononi mwa yule yule atakayeutunza. Asipewe mche, apewe korosho za mbegu, viriba, na mtu wa kumwonyesha. Na mti ukiisha kushika, ujulikane mbele ya jamaa kuwa ni wake.

Najua wengine watacheka, watasema kazi ya kuotesha miche ni ya wataalamu. Basi nieleze nilivyofanya mwaka jana nilipokuwa Kidato cha Tatu, ili yeyote atakaye aone kama kuna uganga ndani yake.

Likizo ya Septemba korosho za kwanza zilikuwa zimeanza kudondoka. Nilichagua chini ya mkorosho mmoja wa mama ambao hauugui sana, nikaokota korosho zilizojaa vizuri, nikaziloweka katika ndoo. Zile zilizoelea nilizirudisha kwenye gunia la kuuza. Zilizozama ndizo nilizozichukua. (Mnunuzi asinikasirikie, kwani hata hizo zinazoelea hubanguliwa.) Nikaziacha majini siku mbili, nikibadilisha maji. Udongo niliutoa chini ya miti, ule wa juu mweusi, nikauchanganya na samadi ya mbuzi iliyokwisha kuoza, kwani samadi mbichi huunguza mizizi. Viriba arobaini nikavijaza, nikavitoboa matundu chini, nikavipanga chini ya kichanja cha nyasi. Korosho hulazwa vipi? Hapo ndipo watu wengi wanapofanya papara. Ule upande uliokuwa umeshikana na bibo ndio unaotazama juu, nao hufunikwa kwa udongo usiozidi unene wa vidole viwili.

Baada ya majuma mawili au matatu mche hutoka. Yeyote ambaye hajawahi kuutazama mkorosho ukichipua nampa pole. Hutoka ukiwa umeinama, mfano wa mtu aliyebeba mzigo mgongoni, kisha kidogo kidogo hujinyoosha na kuziinua juu ya udongo pande zake mbili nene za ile korosho, ambazo ndizo chakula chake cha mwanzo. Wakati huo kuku na panya nao wanajua kuwa chakula kiko tayari. Katika viriba arobaini, vilivyootesha vilikuwa thelathini na kimoja, na saba katika hivyo vilikwenda tumboni mwa kuku hata tulipovizungushia miba.

Mche uliotoka katika korosho bado ni mche wa bahati nasibu, wala haifai kudanganyana. Maua ya mkorosho huhudumiwa na nyuki na wadudu wengine, wanaochanganya mbegu za mti huu na za mti ule. Kwa sababu hiyo mtoto hamfuati mama yake sawasawa. Waweza kuokota korosho chini ya mti unaozaa magunia, ukapata mti mrefu wenye kivuli kizuri na korosho za kujaza kofia. Dawa yake ni kubebesha. Huchukuliwa kikonyo, yaani ncha ya tawi changa la mti uliokwisha kuthibitika kuwa mwema, kikaunganishwa juu ya mche mchanga, ili mizizi iwe ya huyu na matawi yawe ya yule. Kituo cha Utafiti wa Kilimo cha Naliendele, kilicho karibu na mji wa Mtwara, kimefanya kazi kubwa ya kuchagua mikorosho bora ya kutolea vikonyo, na bwana shamba wetu ndiye aliyenisaidia kuvipata.

Ilipofika katikati ya Desemba miche yangu ilikuwa na unene wa penseli. Majani ya vikonyo yalikuwa yamekwisha kukatwa juma moja kabla, vikiwa bado mtini, ili macho yavimbe. Bwana shamba alikata kichwa cha mche wa kwanza, akaupasua katikati kidogo, akachonga kikonyo chini kama kabari, akakitia ndani ya ule mpasuko, ganda likakutana na ganda, akakifunga kwa utepe wa plastiki na kukivalisha kijifuko cha nailoni. Akasema, "Haya, wa pili ni wako." Kisu sharti kiwe kikali kama wembe, na mkono uwe mwepesi, kwa kuwa kidonda kikikauka hakishiki tena. Miche ishirini na minne tulibebesha. Iliyoshika ilikuwa kumi na minne. Bwana shamba alisema kwa mwanafunzi si vibaya, mimi niliona ni vizuri kabisa.

Mwalimu wetu wa Biolojia, nilipomweleza, alinisimulia habari za mti mwingine wa kokwa uitwao mpekani. Asili yake ni Amerika ya Kaskazini, kuanzia bonde la mto Mississippi hadi Texas na kaskazini ya Meksiko. Huo nao ukiotesha mbegu yake hupati mti kama ule uliotoa mbegu, tena waweza kungoja miaka kumi na zaidi kabla ya kuona mavuno ya maana. Mkorosho wetu, kwa kulinganisha, ni mti wenye haraka. Watu walihangaika kwa miaka mingi kuupata mpekani wenye kokwa kubwa na ganda jembamba bila ya kuipoteza sifa hiyo. Aliyefaulu kwanza, na kazi yake ikaandikwa, alikuwa mtumwa mtunza bustani aliyeitwa Antoine, katika shamba la Oak Alley huko Louisiana, Marekani. Katika majira ya baridi ya mwaka 1846 kuingia 1847 Antoine alibebesha miti kumi na sita, nayo ikashika. Mwaka 1876 kokwa za miti hiyo zilipelekwa katika maonyesho makubwa ya Philadelphia ya kuadhimisha miaka mia ya uhuru wa Marekani, zikasifiwa, zikapewa jina la Centennial, kwa ajili ya miaka hiyo mia.

Habari hii imekaa kichwani mwangu hata wakati wa kujisomea usiku. Jina la miti likawa la sherehe. Shamba lilikuwa la bwana. Antoine, aliyekuwa na mkono mwepesi kuliko wote, hakuwa na mti hata mmoja wa kuuita wake, na hata jina lake la ukoo halikuandikwa. Sifananishi nyumba zetu na utumwa, la hasha! Lakini nilijiuliza swali: kwetu mti ukishika, huwa ni wa nani? Wa aliyemwagilia, au wa mwenye nyumba aliyesomwa jina mbele ya lori?

Kwani mimi nilirudi shuleni mwanzoni mwa Januari. Miche kumi na minne niliiacha chini ya kichanja, na aliyeitunza ni mdogo wangu wa kike, aliye darasa la sita. Yeye ndiye aliyeondoa machipukizi yaliyokuwa yakitoka chini ya kiungo, ambayo yakiachwa hula nguvu zote na kukifisha kikonyo. Mwezi wa Februari yeye na mama waliihamishia shambani, katika mashimo ya sentimeta sitini kila upande, kutoka mche hadi mche mita kumi na mbili, yaani mikorosho ishirini na minane kwa eka. Wengi huona nafasi hiyo ni kubwa mno, wanaibana; baadaye matawi yanaposhikana kivuli hula maua, na ugonjwa hupata nyumba. Ile nafasi katikati haikai bure, mama amepanda karanga na mbaazi. Kiangazi kilipoingia mdogo wangu alitafuta chupa za plastiki zilizotupwa, akazitoboa tundu dogo kwa sindano, akazifukia nusu kando ya kila mche. Maji ya kuoshea mchele na vyombo ndiyo anayoyatia humo, nayo hutona polepole kwenye mizizi. Juu yake ametandaza nyasi kavu, mbali kidogo na shina kwa ajili ya mchwa. Hadi likizo ya Juni miche kumi na mmoja ilikuwa hai.

Basi likizo hiyo nililitoa jambo langu nyumbani. Kwetu, neno la mali halisemwi bila ya mjomba, kwa hiyo nilingoja siku aliyokuja. Nilimweleza kwa adabu kwamba naomba miche mitano ijulikane kuwa ni ya mdogo wangu, na sita iwe yangu, mbele ya baba, mama na yeye mwenyewe. Mjomba akacheka. Akasema, "Mtoto hana mti, mwanangu. Mtoto ana mama." Nikamjibu, "Ni kweli, mjomba. Lakini mti huu nao unaye aliyeubeba mgongoni." Alinyamaza kitambo. Kisha akamwita mdogo wangu na kumwuliza kila mche unakunywa chupa ngapi kwa juma, na upi unaumwa. Mtoto akavitaja vyote bila kusita, mmoja mmoja, akaeleza hata ule ambao mbuzi wa jirani aliukata kichwa ukachipua tena. Mjomba akageuka, akamwambia baba, "Mpe hiyo mitano." Tangu hapo ameongeza chupa ya pili kwa ule wa ukingoni, ambao hupigwa na jua zaidi, wala hakuna aliyemtuma.

Wazee wana hoja yao, nayo ina uzito. Wanasema mkorosho si mti wa kubembelezwa. Wareno waliuleta katika pwani yetu kutoka Brazili katika karne ya 16, ndiyo maana wengine huuita mkanju kwa jina lao, na tangu hapo umejiotea wenyewe. Mababu walitupa mbegu mbili tatu shimoni, wakaendelea na kazi nyingine, na katika msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna tani zipatazo 145,000. Nani alikuwa na kisu cha kubebesha wakati huo?

Nawajibu hivi. Katika msimu wa 1986/87 mavuno ya nchi nzima hayakufika tani 20,000. Ubwiri unga ulikuwa umeingia, ule ugonjwa wa ukungu mweupe unaofunika maua na majani machanga kama unga wa muhogo, na bei ilikuwa duni. Lakini wataalamu wanataja sababu nyingine pia, nayo wazee wetu wenyewe waliiona kwa macho. Katika miaka ya 1970 watu walihamishiwa vijijini, na mashamba ya mikorosho yakabaki mbali, mengine mwendo wa saa nyingi. Majani yakaota, moto ukapita, korosho zikaozea chini. Mikorosho ilibaki palepale. Walioondoka ni wenyewe. Baadaye, salfa ilipoanza kutumika na mashamba yakarudiwa kupaliliwa, miti ile ile ya zamani ilizaa tena, na katika msimu wa 2017/18 nchi ilipita tani 300,000. Naomba mwandishi wa muhula uliopita aifikirie habari hiyo kabla ya kuagiza lori lingine.

Tena wapo wanaosema, ya nini kuhangaika na mche ilhali bei haitabiriki? Wanakumbusha mwaka 2018, wanunuzi walipotoa bei ndogo na serikali ikaamua kuzinunua korosho yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo. Bei siwezi kuiamuru, wala mwalimu wetu wa Hesabu hawezi. Lakini mkorosho mbovu hunyunyiziwa salfa sawasawa na ule mzuri, na hupaliliwa kwa jembe lile lile. Bei ikiwa ndogo, ndipo mwenye miti mibovu anapoumia zaidi.

Hoja iliyonitikisa kweli ni ya rafiki yangu tunayelala naye bweni moja, atokaye Nachingwea. Yeye asema viriba navyo ni upuuzi. Mzizi mkuu wa mkorosho hushuka upesi sana. Katika kiriba hufika chini ukajikunja, na mti wa namna hiyo hauna nguvu katika ukame. Kwao hupanda mbegu moja kwa moja shimoni mvua zinapoanza, na mche ukifikia unene unaofaa hubebeshwa pale pale shambani bila kuhamishwa. Nakiri ana haki kwa upande wa mzizi, na kwa sehemu kame kama kwetu huenda njia yake ikaishinda yangu. Ila kubebesha shambani kwataka kutembea shimo hata shimo, na panya wa porini ni wengi kuliko wa nyumbani. Tumekubaliana kwamba mwakani yeye atajaribu viriba vichache nami nitajaribu mashimo kumi, tuone. Jambo moja twalikubali sote wawili: kiriba kisikae hata mzizi ukatoboa chini.

Nitaje na shule, ingawa najua walimu watasoma hapa. Kwetu shuleni mwanafunzi akichelewa mstarini hupewa adhabu ya kumwagilia miti. Nani asiyejua matokeo yake? Anamwaga ndoo yote juu ya mche mmoja ulio karibu na bomba, anakimbia. Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere aliandika juu ya Elimu ya Kujitegemea, na tunaisoma katika somo la Uraia, tunajibu maswali yake kwa ufasaha. Halafu tunatoka nje na kuufundishwa mti kama fimbo. Napendekeza kila mwanafunzi wa Kidato cha Kwanza apewe korosho zake tano na viriba vyake vitano mwezi wa Septemba, aoteshe kando ya bweni lake, ajifunze kubebesha, na mwisho wa mwaka aondoke nayo kwenda kwao kama anavyoondoka na godoro. Kwa wale wanaosafiri mbali sana na basi, najua kondakta atanung'unika. Miche miwili yamtosha mtu. Gharama yake ni ndogo kuliko ya miche ya lori, na visu viwili vikali vyaweza kutumika na shule nzima chini ya macho ya mwalimu.

Sisi wa Kidato cha Nne mtihani wetu ni Novemba, na matokeo hayatoki hadi mwakani. Katikati hapo kuna mvua. Wengi wetu hatutachaguliwa kwenda Kidato cha Tano, hilo twalijua ingawa hatulisemi, na kijana akirudi nyumbani bila chochote huambiwa alikula michango ya bure miaka minne. Wengine tayari wanapanga kwenda Dar es Salaam kusukuma mikokoteni. Siwazuii. Mkorosho uliobebeshwa huanza kuzaa mwaka wa tatu, ijapokuwa maua ya mwanzo yafaa yaondolewe ili mti upate nguvu kwanza, na miaka mitatu kwa mtu wa miaka kumi na saba si mingi.

Mimi nimebakiwa na viriba sitini vitupu, vimo ndani ya sanduku langu, Bweni la pili, kitanda cha dirishani. Anayevitaka na aje avichukue kabla ya likizo ya Septemba, lakini anieleze kwanza ni nani nyumbani kwao atakayemwagilia, na ni nani atakayepewa mti. Korosho za mbegu atafute mwenyewe.